Mfumo Uliowatangulia Wachezaji

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2009, kwa saa za kwetu, jina la Mtanzania lilisomwa jukwaani jijini New York. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika huko kabla yake.

Miezi minane baadaye, Februari 2010, timu iliyomchukua, Memphis Grizzlies, ilimshusha akacheze Dakota Wizards katika ligi ya chini. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa. Alimaliza msimu wake wa kwanza kwa wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6, na Februari 2011 Memphis wakamwachia kabisa, akaenda Houston.

Vijiweni kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili zinaniuma. Wa kwanza husema kijana alibweteka baada ya kuona fedha. Wa pili husema Memphis walikuwa vipofu, waliwaacha Harden na Curry. Kauli ya kwanza inamwonea Thabeet. Ya pili ni werevu wa baada ya tukio: Minnesota walikuwa na nafasi mbili mfululizo mwaka ule, ya tano na ya sita, wakachukua waongozaji wawili wa mchezo, na Curry hakuwa mmojawapo. Kilichotokea Memphis ni kitu ambacho kocha yeyote anaweza kukifanya kesho asubuhi, tena kwa nia njema. Walikuwa na mchezo wao tayari, wakamleta mtu asiye na pa kuingia ndani yake. Ninakisimulia kwa ajili ya walimu wa michezo wa vyuo vyetu vya Tanga, kwa sababu hapa Nguvumali nimeliona kosa hilohilo likifanyiwa vijana ambao hawana mshahara wa kuwafariji.

Tuanze chuoni, maana huko ndiko jambo lilikofanyika vizuri. Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao mtoto wa Marekani anayelelewa katika mchezo huu ameshaucheza nusu ya maisha yake. Alipitia Kenya, akavuka kwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kocha alikuwa Jim Calhoun, aliyekuwepo pale tangu 1986.

Kijana aliyemfikia Calhoun alikuwa na upungufu mwingi wa wazi. Hakuwa mtu wa kuudunda mpira. Akipewa pasi mgongo wake ukiwa umeelekea ringi, hakuwa na mbinu nyingi za kugeuka na kufunga. Mwili ulikuwa bado mwembamba, anasukumika. Alichokuwa nacho ni mikono mirefu, miguu myepesi kuliko ilivyotarajiwa kwa kimo kile, na kipaji cha kusubiri hadi mfungaji aachie mpira ndipo naye aruke. Kocha mwenye mfumo ulioganda angetumia miaka mitatu kumfundisha yale asiyoyaweza. Connecticut walianza na hicho kimoja alichokiweza, wakaupanga uwanja mzima kukizunguka.

Ilifanya kazi hivi. Walinzi wa pembeni wa Connecticut waliruhusiwa kumbana mwenye mpira kwa karibu sana, hata akiwapita haikuwa balaa, kwa sababu aliyewapita alikuwa anaingia kwenye eneo la Thabeet. Mpinzani anatoka kwenye presha, anaona njia nyeupe, anaruka, na mkono unatokea juu yake. Mpira uliozuiwa haukupigwa kwenda kwa watazamaji kwa ajili ya makofi. Ukibaki ndani ya uwanja, A.J. Price au Kemba Walker, aliyekuwa mwaka wa kwanza tu, anauokota na timu inaondoka mbio. Sehemu kubwa ya ufungaji wao ilianzia hapo, kwenye ulinzi, kabla mpinzani hajapata nafasi ya kujipanga.

Na walipolazimika kushambulia taratibu, Thabeet hakubebeshwa mzigo wa mtunzi wa mchezo. Alisimama karibu na ringi, apewe pasi za juu ambazo yeye tu anazifikia, azidanki. Agombee ribaundi za mitupo ya wenzake. Mapambano ya ndani aligawana na Jeff Adrien, mtu wa kifua na nguvu. Kazi zake zote uwanjani zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na zote alizimudu.

Msimu wa 2008 hadi 2009 ulitoa jibu. Wastani wake ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mechi. Dhidi ya Providence, Januari 31, alipata pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mara 10 katika mechi moja. Makocha wa vyuo walimtaja mlinzi bora wa nchi nzima. Connecticut walishinda mechi 31, wakapoteza 5, wakafika nusu fainali ya taifa.

Hata mfumo uliokatwa kwa vipimo vya mtu una mahali unapovuja. Tarehe 16 Februari 2009, mjini Hartford, Connecticut wakiwa wa kwanza katika orodha ya vyuo vyote, walikutana na Pittsburgh. Upande wa pili alisimama DeJuan Blair, mita 2.01, mfupi kuliko Thabeet kwa sentimita 20, lakini mzito na mwenye makalio ya kumhamisha mtu. Blair hakusubiri mpira ufike ndipo apambane. Alimgusa Thabeet mapema, akamsogeza hatua moja, ya pili, hadi urefu ule wote ukawa nje ya mahali ulipohitajika. Katika kugombea ribaundi moja mikono yao ilifungana. Blair akainama na Thabeet akapita juu ya bega lake, akatua sakafuni. Mechi iliisha 76 kwa 68, Pittsburgh wameshinda. Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alikuwa na pointi 5.

Naitaja mechi hii kwa sababu walimu wengi wakishasikia habari ya kumjengea mchezaji mfumo hudhani maana yake ni kumtegemea yeye peke yake. Siyo. Unapojua nguvu ya mtu wako unalazimika pia kujua saa gani nguvu hiyo itazimwa, na nani atabeba. Michigan State walilijua hilo katika nusu fainali kule Detroit. Kila walipoupata mpira walikimbia, ili wafike chini ya ringi kabla mrefu hajarudi nyuma. Walishinda 82 kwa 73.

Ukitaka kuuona mkono wa Calhoun, usitazame msimu mmoja. Alitwaa ubingwa wa taifa mara tatu, na bingwa mmoja hakufanana na mwingine. Mwaka 1999 alikuwa na Richard Hamilton, mwembamba asiyesimama, anayekimbia nyuma ya wenzake wanaomkinga mpaka mlinzi wake anampoteza. Connecticut waliwafunga Duke 77 kwa 74, Hamilton akapata pointi 27. Mwaka 2004 uzito wote ulikuwa ndani, kwa Emeka Okafor, aliyemaliza fainali na pointi 24 na ribaundi 15. Mwaka 2011 hapakuwa na Okafor wala Hamilton. Palikuwa na Kemba Walker, sasa mwaka wa tatu, na kundi la wageni wa mashindano. Katika ligi ya kanda yao walishinda mechi 9 na kupoteza 9, wakaonekana hawana lao. Calhoun akauweka mpira mikononi mwa Walker na kuuacha huko. Kwenye mashindano ya kanda walicheza mechi tano kwa siku tano, wakashinda zote, Walker akifunga pointi 130. Wiki chache baadaye waliwafunga Butler 53 kwa 41 katika fainali ya taifa.

Mtu huyo hakuwa malaika. Msimu uliofuata alifungiwa mechi tatu kwa sababu ya ukiukaji wa kanuni za kusajili wachezaji, na simtaki mwalimu yeyote wa Tanga amwige katika hilo. Lakini katika kuwatazama vijana walio mbele yake na kuukubali ukweli wao, wachache walimfikia.

Sasa Memphis. Mwaka 2009 timu hiyo tayari ilikuwa na senta, Marc Gasol, aliyeingia mwaka mmoja kabla. Gasol alikuwa mtu wa pasi: anapokea mpira kwenye mstari wa mitupo ya adhabu, anautuliza, anamwona mwenzake akikata. Julai ya mwaka uleule, wiki chache baada ya kumchagua Thabeet, walimleta Zach Randolph, fundi wa kufunga akiwa amempa mlinzi mgongo, kwa nguvu na hila. Mchezo wote wa kocha Lionel Hollins uliwapitia hao wawili. Mmoja juu, mmoja chini, mpira ukisafiri kati yao huku Mike Conley, O.J. Mayo na Rudy Gay wakizunguka. Ulikuwa mchezo mzuri. Timu iliyoshinda mechi 24 msimu uliotangulia ilishinda 40.

Mweke Thabeet ndani ya mchezo huo. Akishika nafasi ya Gasol, anatakiwa apokee mpira mbali na ringi na kupiga pasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akishika ya Randolph, anatakiwa afunge kwa mgongo, jambo ambalo Connecticut walimkinga nalo kwa makusudi. Na nyuma, hapakuwa na ile presha ya pembeni iliyokuwa inawaswaga wapinzani kumwelekea akiwa amekaa tayari. Ligi ya wakubwa ilimtoa nje, akawafuata waongozaji wepesi, akachelewa, akafanya faulo. Akicheza dakika chache anatolewa, akirudi anaogopa kukosea. Ninyi mliowahi kukaa benchi mnaijua hofu hiyo, inavyoifanya mikono iwe migumu.

Sisemi Thabeet hakuwa na sehemu yake. Mchezaji wa kulipwa ana wajibu wa kuongeza silaha, na yeye hakuongeza za kutosha. Lakini aliyemchagua alikuwa na mkanda wa michezo yake yote ya miaka mitatu. Kila asichokiweza kilionekana humo, na kila alichokiweza pia. Hollins alikuwa na haki ya kuushikilia mchezo wake. Waliomchagua hawakuwa na haki ya kumtia kijana katika mchezo huo kwa sababu tu alikuwa mrefu na nafasi ya pili ilikuwa yao.

Na tazama walivyolipa. Februari 2011 walimtoa Thabeet pamoja na mchezaji mwingine na haki ya uteuzi wa baadaye, wakampata Shane Battier, mkongwe asiyeruka juu, asiyefunga sana, lakini anayejua kusimama kwenye kona na kusubiri mpira utoke kwa wale watu wawili wa ndani. Aprili, Memphis wakiwa wa nane katika kanda, walikutana na San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Mechi ya kwanza ilipobaki chini ya nusu dakika, Battier alitupa pointi tatu, ikaingia, wakashinda 101 kwa 98. Wakaenda kuwatoa Spurs kwa mechi nne kwa mbili. Huyo ndiye waliyemhitaji tangu mwanzo.

Kuna msimu mmoja ambao hausimuliwi, nao ni ule wa 2012 hadi 2013 huko Oklahoma City. Kocha Scott Brooks alimtumia Thabeet kama msaidizi wa Kendrick Perkins. Alipewa dakika chache na kazi tatu: linda ringi, simama kama ukuta mwenzako apite, ukipewa mpira hewani maliza. Zaidi ya nusu ya mitupo yake iliingia, karibu asilimia 60. Mtu yuleyule, mikono ileile.

Hapa Nguvumali hatuna Thabeet. Tuna uwanja wa saruji, ringi zisizo na nyavu, na alasiri upepo wa baharini unaanza kuvuma, wakati uleule vijana wanapotoka darasani. Timu ya chuo kimoja, ambacho jina lake nalihifadhi, ilikuwa inajiandaa na mashindano. Kocha alikuwa na simu iliyojaa mikanda ya Golden State Warriors. Mfumo wake ulikuwa watano wote nje, mpira unazunguka, anayebaki wazi anatupa kutoka mita 6.75. Niliutazama mpira ukiondoka mikononi vizuri kabisa, ukifika katikati ya safari unasukumwa pembeni kwa upana wa kiganja, unagonga chuma. Tena na tena. Ngozi ya mpira ilikuwa imelika kwa saruji hadi inateleza. Curry wa Warriors anafanyia kazi ile ndani ya ukumbi uliofungwa.

Katika timu hiyo alikuwepo kijana wa Muheza, mpana wa mabega, aliyewahi kuwa beki wa soka. Alijua kujiweka mbele ya mtu bila faulo na kudaka mpira kwa mkono mmoja. Kwenye mfumo ule alipangiwa kona, atupe tatu. Akamwendea kocha wakati wa mapumziko, akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba nikae chini ya ringi." Akajibiwa kwamba siku hizi hakuna anayecheza hivyo. Akarudi kona. Kila alipotupa aliangalia benchi kwanza, kabla hata mpira haujafika. Walifungwa mechi zote za kundi lao, na ninawafahamu vya kutosha kujua kwamba hawakuwa timu ya kufungwa zote.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walishatuambia, na mikanda ya simu ni nguo ya kuazima. Wengine huazima hata za zamani. Nimeona chuo kikijaribu mchezo wa Princeton, ule wa pasi nyingi na kukata nyuma ya mlinzi, ambao mwaka 1996 uliwawezesha vijana wa kocha Pete Carril, wasio na misuli wala urefu, kuwatoa mabingwa watetezi UCLA kwa 43 kwa 41. Ni mchezo wa kupendeza, na uliundwa hasa kwa ajili ya wachezaji aliokuwa nao. Ila wakati ule vyuo vya Marekani vilikuwa na sekunde 35 za kutafuta mtupo. Kanuni za FIBA tunazochezea sisi zinatoa 24. Vijana wetu walikuwa wanafika pasi ya sita, ndiyo kwanza mlango unafunguka, na muda umekwisha. Kocha akawalaumu kwa kukosa subira.

Ninachowaomba walimu wetu si kikubwa. Vyuo havina nafasi ya kusajili kama Connecticut. Unapewa waliodahiliwa kusoma ualimu, uhasibu au afya, na kati ya hao wako wachache wanaopenda kikapu. Mwaka huu utapata warefu wawili wasiojua kudunda. Mwakani utapata wafupi saba wenye mbio. Anayeingia muhula wa kwanza na daftari lililokwisha kuandikwa anawaweka vijana wake katika hali ya Thabeet kule Memphis, na hawa hawana timu nyingine ya kuwahamishia. Mwenye wafupi wa mbio awaache wabane uwanja mzima na wafunge kabla watu hawajajipanga. Mwenye beki wa Muheza ampe mpira chini, awaweke wengine karibu kiasi kwamba upepo hauwahusu, na wamfuate kugombea ribaundi.

Kijana yule amebakiza mwaka mmoja wa masomo. Mwalimu wake anaupenda mchezo kwa dhati, hufika uwanjani kabla ya wachezaji, na fedha ya maji ya kunywa huitoa mfukoni mwake. Nimemwomba kwamba wiki ya kwanza ya muhula asichore kitu chochote ubaoni. Awaache wacheze watano kwa watano, yeye akae pembeni na kuandika kila kikapu kilifungwa kutoka wapi, nani alitoa pasi, na nani alikuwa anakimbia bila mtu kumwona. Kuandika amekubali. Kuhusu kuwaacha Warriors, bado tunabishana.